Kigae Kabla ya Pigo la Saba

Juu ya mlango wa karakana ile ya bati palikuwa na bango lililoandikwa kwa mkono, rangi nyeupe: KWA KIGAE. Mgeni akipita, lazima asimame acheke. Fundi bati kuitwa Kigae ni sawa na muuza nyama kuitwa Mchicha. Vigae na mabati havikai paa moja, na hilo fundi mwenyewe alilijua kuliko wewe na mimi. Lakini jina lile alikuwa nalo kwa haki, na ukifanya kosa la kumuuliza alilipataje, basi ndoo uliyoileta izibwe hutaondoka nayo kabla ya adhuhuri.

Wateja wake wote walishaisikia hadithi hiyo, na wengine waliweza kumsahihisha akiruka mahali. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, vijana wanne walikuwa wakifanya mazoezi ya muziki wa roki nyuma ya karakana hii hii, enzi hizo ikiwa ya baba yake. Bendi yao waliiita Chuma Chakavu. Mwimbaji wao alikuwa kijana mwembamba ambaye ungeweza kumhesabu mbavu hata akiwa amevaa shati, kwa hiyo aliitwa Mbavu, na huyo alikuwa rafiki wa fundi wa kufa na kuzikana. Walikula sahani moja, walilala godoro moja, waliazimana mpaka viatu. Siku ya kurekodi wimbo wao wa kwanza, Mbavu alitaka sauti ya bati linalogongwa. Hakutaka ngoma, alitaka bati. Akamwita rafiki yake.

Fundi akaenda studio na karatasi ya bati kichwani na nyundo ya baba yake mkononi. Wakaining'iniza ile karatasi kwa kamba, wakawasha mitambo, naye akapiga mapigo manane ya kufungulia wimbo. Sita yakaenda sawasawa. Kabla ya la saba akapiga ukelele: "Kigae!" Ndipo likafuata la saba, limechelewa, kisha la nane, na magitaa yakaingia.

Basi wimbo ule ukashika kama moto. Hadi leo, Chuma Chakavu wakipanda jukwaani, umati mzima hupiga makofi sita, hunyamaza kidogo, hupaza sauti "Kigae!", ndipo humalizia mawili. Watu wameliandika neno lile kwenye fulana. Yuko mmoja amejichanja nalo mkononi. Na kila mmoja ana maana yake. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akija karakanani kila Jumamosi kupiga soga alishaandika kurasa kumi na mbili, kwa kalamu ya wino, kuthibitisha kwamba kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na chungu ni jamii yetu sote.

"Sawa, Mwalimu," fundi alikuwa akisema, huku akikata bati. "Lakini lile ni neno la karakana yetu. Ni neno la mzee wangu."

Hapo hakudanganya. Baba yake hakutaka matusi kazini. Mwanafunzi akijigonga akaropoka, mzee anamzaba kibao. Ila mzee naye alikuwa binadamu, alijua mtu akiumia ni lazima aseme kitu, kwa hiyo aliwapa tusi moja halali: kigae, adui wa bati. Ukijikata, sema kigae. Lehemu ya moto ikikudondokea mguuni, sema kigae, tena kwa nguvu, upoe. Hakuna karakana nyingine iliyotukana hivyo. Mzee sasa alikuwa na miaka ishirini kaburini, na kila umati ulipolipaza neno lake, mwanawe aliona kama wanamwitikia salamu.

Alichodanganya ni kitu kimoja tu. Watu wakimuuliza kwa nini pigo la saba lilichelewa, alifumba macho, akainua kidevu, akatia chumvi. "Nilisubiri. Nilihisi wimbo unataka kuvuta pumzi. Nikauacha uvute, nikalitaja neno la mzee, ndipo nikapiga."

Mkewe alikuwa akiyasikia hayo huku akipinda vishikio vya ndoo, na hakusema neno. Alikuwa na sababu. Siku ile ya kurekodi yeye alikuwa muuguzi kijana kwenye zahanati iliyotazamana na studio, na yule mwanamume aliyeingia mbio, kidole gumba cha kushoto kimepasuka, damu inamchuruzika hadi kiwikoni, machozi yanamtoka kama mtoto, hakuwa ametoka kusikiliza pumzi ya wimbo wowote. Karatasi ya bati iliyumba, nyundo ikamwangukia kidoleni. Muuguzi alimfunga bendeji, akamcheka, akamwambia arudi kesho abadilishiwe, na kesho yake akarudi amevaa shati la kuazima kwa Mbavu. Ukucha wa kidole kile uliota umegawanyika mara mbili mpaka leo. Mwanamke aliyeolewa kwa sababu ya kidole hakuona ubaya wa kumwachia mumewe chumvi kidogo juu yake.

Sasa sikia. Bendi ikakaa miaka kumi na minne bila kutoa kitu, watu wakasema wamekwisha, mara tangazo: albamu mpya, Bila Kutu. Zamani, kila albamu ilipotoka, Mbavu alimtumia fundi nakala yake, na juu ya jalada ameandika kwa mkono: Kwa nyundo yangu. Fundi alikuwa nazo zote, zimepangwa rafuni juu ya mikasi ya bati. Safari hii wiki ikapita, ya pili ikapita, hakuna kitu.

"Posta za siku hizi," fundi akasema.

"Posta," mkewe akaitikia, akamtazama pembeni.

Redio ikatangaza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi itaipiga albamu yote, Mbavu mwenyewe akiwa studioni, na wasikilizaji wapige simu waseme waliyo nayo. Fundi aliamka siku hiyo kama bwana harusi. Alifagia vipande vya bati, akaifuta redio kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapindua ndoo mpya sita ziwe viti. Mwalimu akafika na daftari lake. Kinyozi wa mlango wa pili akafika na aproni yake na mkasi mkononi, na nyuma yake akafuata mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa tu, kwa sababu hakuthubutu kumwacha kinyozi akaondoka machoni pake.

"Huyu ni nani?" mke wa fundi akauliza.

"Nusu Kichwa," kinyozi akajibu. "Shemeji, mpe ndoo akae. Nitammalizia wimbo ukiisha."

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Wa pili ukapigwa. Vinanda laini, sauti za kuitikia za wasichana, na ngoma zilizopigwa na mashine, dup, dup, dup, kila pigo sawa na mwenzake kama mayai kwenye trei. Fundi alikuwa akitikisa kichwa kwa ustaarabu, kama mtu anayekula chakula kibichi ugenini.

"Labda inakuja," Mwalimu akasema.

"Inakuja kutoka wapi?" kinyozi akauliza. "Hii ni roki au tangazo la sabuni? Jamani, hawa watu walikuwa wakiimba mpaka madirisha yanatikisika!"

"Watu wanakua," fundi akasema. "Mwache mtu akue."

Mtangazaji, mwanamke mwenye sauti ya kicheko, akasema sasa unakuja wimbo ambao kila mtu anaungoja, ule wa zamani, umerekodiwa upya kabisa, na safari hii Mbavu ametutangulizia maneno machache. Fundi akavuta ndoo yake karibu. Akamwambia mkewe aache vishikio asikilize.

Sauti ya Mbavu ikatoka redioni, nzito, ya pole, ya mtu mzima aliyejizoesha kusikilizwa. "Nyundo ile niliipiga mimi mwenyewe. Mama yangu alikuwa ameaga dunia mwezi ule. Chungu chake kilinivunjikia mkononi. Nikaenda studio na uchungu wangu, nikaiona nyundo, nikaishika, nikapiga, na neno likanitoka lenyewe: kigae. Kipande cha moyo wangu."

Hata kabla fundi hajavuta pumzi, mapigo yakaanza. Mazoea ni kitu cha ajabu: wote mle ndani wakapiga makofi, hata fundi, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, wakanyamaza, wakapaza sauti, "Kigae!" Redio haikuwangoja. Mapigo manane yalishapita, yamenyooka kama rula, na ukelele wao uliangukia katikati ya magitaa, mahali ambapo haukuwa na kazi yoyote. Wakabaki na mikono hewani, wanatazamana kama watu waliopunga mkono kwa gari lisilo lao.

"Limeondolewa," mke wa fundi akasema polepole. "Neno wameliondoa."

Lakini si hilo lililowageuza vichwa. Wote walikuwa wakimtazama fundi. Nusu Kichwa, ambaye kinyozi alikuwa amemsimulia hadithi yote asubuhi ile akimnyoa, ndiye aliyesema wazi. "Kumbe si wewe?"

Fundi akaigeukia redio.

"Chungu," Mwalimu akanong'ona. Alikuwa ameinama juu ya daftari, kalamu inakimbia. "Si nilisema? Chungu! Ukurasa wa nne!" Kisha akainua macho, akamwona fundi alivyo, akaona aibu. "Fundi, usinielewe vibaya. Ila miaka ni mingi. Kumbukumbu za mtu, wakati mwingine..."

"Kumbukumbu?" Fundi alisimama, ndoo yake ikabingirika. "Mwalimu, mimi nikumbushwe na redio? Mama yake siku hiyo alikuwa mzima wa afya! Alicheza harusini kwangu mwaka uliofuata mpaka kisigino cha kiatu kikakatika! Muulize huyu!"

"Kilikatika," mkewe akasema. "Nikampa ndala zangu."

"Na hiki je?" Fundi akanyoosha kidole gumba cha kushoto, ukucha wake uliogawanyika, akakizungusha kwa kila mmoja akione. "Hiki nacho ni kumbukumbu?"

Kinyozi alikipokea kidole kile, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango kama anayekagua ndevu. Alikuwa rafiki mwema, na ndiyo maana alichosema kiliuma zaidi. "Ukucha umepasuka, kweli. Lakini, bwana, si siku zote umetwambia ulikuwa ukisubiri wimbo uvute pumzi? Sasa kidole kinaingia wapi?"

Hapo ndipo fundi alipojiona alivyojifunga mwenyewe. Ushahidi wake wote ulikuwa kwenye kidole, na kidole hakingeweza kusema bila kumuumbua. Mtu hajigongi kwa kusikiliza pumzi. Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, na macho yake hayakumsukuma wala kumzuia. Fundi akakitia kidole mfukoni.

"Nitampigia," akasema. "Ni rafiki yangu. Amechanganyikiwa tu. Akinisikia sauti atakumbuka."

Namba ya redio ilikuwa ikitajwa kila baada ya dakika mbili. Akapiga, akakatiwa, akapiga tena, mara saba, mpaka sauti ya mtangazaji ikatoka kwenye simu na kwenye redio kwa pamoja. Mkewe akaipunguza redio. "Msikilizaji, uko hewani!"

"Mbavu," fundi akasema. Akakohoa. "Mbavu, ni mimi. Ni Kigae."

Simuni alisikika mtu akimeza mate. Kisha Mbavu akacheka, kicheko kizuri, cha watu wote. "Aa! Fundi bati! Nakukumbuka, mzee wangu. Watu wema sana wale, ndugu mtangazaji. Walikuwa wakituletea chai mazoezini."

Chai.

"Nyundo alipiga nani, Mbavu?"

"Wajua," Mbavu akasema, na hakuwa akisema naye tena, alikuwa akisema na mtangazaji, "kila mji ninaokwenda nakutana na mtu aliyepiga nyundo ile. Nikiwakusanya wote nitapata kikosi!" Studioni wakacheka. Mtangazaji akasema asante sana msikilizaji wetu, na simu ikafa.

Fundi akaiweka juu ya benchi, taratibu, kama kitu cha kioo. Hakuna aliyemtazama. Nusu Kichwa alijikuna upande wenye nywele. Mwalimu alifunga daftari. Kwenye kaseti ya kwanza kabisa, jalada lake lilipochapwa, nafasi ilikuwa ndogo, na shukrani ziliishia kwa maneno mawili: na wengineo. Kinyozi alikuwa akimtania kwa hilo miaka yote, Bwana Na Wengineo, habari za asubuhi. Fundi alikuwa akicheka kwa sababu alijua yumo. Sasa alikuwa ametolewa hata mle.

"Zima hiyo redio," akasema.

"Siizimi," mkewe akasema. "Kaa chini. Watu wanapiga simu."

Na kweli, watu walikuwa wakipiga. Dereva mmoja wa lori alisema alisimamisha lori kando ya barabara makusudi ili aachie usukani apige makofi, na amepiga makofi peke yake kama mwehu. "Mmeniibia, bwana. Mmeniibia kitu changu." Akaja mwanamke aliyesema yeye na mumewe waliingia ukumbini siku ya harusi yao kwa mapigo yale, ukumbi mzima ukapaza Kigae. "Leo tumesikiliza tumeshikana mikono jikoni. Mume wangu ametoka nje, hataki kusema na mtu. Mbona pigo la saba mmelinyoosha? Nani aliwaambia limepinda?" Akaja mzee mwenye kikohozi. Yeye hakusema mengi. "Rudisheni Kigae," akasema. "Nilimpigia mwanangu wimbo ule akiwa hospitalini. Rudisheni." Akaja mwingine, na mwingine, na wote wimbo wao ulikuwa mmoja.

Mbavu alianza kwa kucheka, akaja kwa kueleza, akaja kwa kuhema. Ungesikia jinsi damu ilivyokuwa ikimpanda. Alisema muziki unakua. Alisema mitambo ya leo ni mizuri. Msikilizaji wa tisa alipouliza tena kwa nini pigo la saba halichelewi, uvumilivu ukamwishia.

"Lilikuwa kosa!" akafoka. "Ninyi watu hamwelewi? Kosa! Miaka thelathini na mmoja naimba na kosa la mtu mwingine! Yule fundi alijigonga kidole, akaropoka tusi la kwao, na kanda ilikuwa imebaki ya mara moja tu. Ningefanyaje? Nililiacha kwa sababu sikuwa na njia! Sasa nina mashine, nimelisafisha, na badala ya kunishukuru mnanitukana!"

Redio ikanyamaza kabisa, kimya kile ambacho watangazaji hukiogopa kuliko kifo. Kisha yule mwanamke, kicheko kimemwisha, akauliza: "Fundi yupi?"

Matangazo ya biashara yakaingia.

Kinyozi ndiye aliyeruka wa kwanza. "Amejichongea! Lo! Nyundo anaitaka, kosa halitaki! Amejichongea kwa mdomo wake mwenyewe!" Akamkumbatia Nusu Kichwa, akamkumbatia Mwalimu, mkasi bado mkononi, kila mtu akikwepa. Mwalimu alikuwa akicheka, anachana ukurasa wa nne. "Ni wewe, Fundi! Dunia nzima imesikia, ni wewe!"

Fundi hakuruka. Alikuwa amekaa palepale, anatazama sakafu. Alikuwa amelingoja jambo hili, Mbavu aseme mbele ya watu kwamba ni yeye. Sasa limesemwa, na limesemwa kama mtu anavyosema nani amechafua ukuta. Miaka thelathini na mmoja alidhani rafiki yake anapiga makofi pamoja naye. Kumbe alikuwa akisubiri mashine.

Kinyozi akatulia ghafla. "Lakini ngoja kwanza. Amesema ulijigonga."

Fundi akakitoa kidole mfukoni, akakiweka juu ya goti.

"Nilijigonga," akasema. "Sikusikia pumzi yoyote. Bati liliyumba, nikajiponda, nikatukana. Nilipiga la saba huku nimefumba macho kwa maumivu. Huyu hapa ndiye aliyenifunga bendeji."

"Alilia," mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote. "Alilia sana."

"Ukatukana?" Mwalimu akauliza. "Kigae ni... tusi?"

"Tusi, Mwalimu. La mzee wangu. Nisamehe kurasa zako."

Mwalimu akaketi kwenye ndoo, daftari mapajani. Kinyozi alimtazama rafiki yake kwa muda, na uso wake haukuwa wa mzaha. "Kwa hiyo na wewe miaka yote umetupiga kamba. Mimi nimewasimulia watu ile pumzi, bwana. Nimemsimulia huyu leo hii." Alimwonyesha Nusu Kichwa. "Ungesema tu ulijigonga. Tungekupenda vilevile."

Ndivyo ilivyokuwa: fundi naye alikuwa amelionea aibu kosa lile, akalisafisha kwa maneno kabla Mbavu hajalisafisha kwa mashine. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Simu ikalia juu ya benchi. Mkewe aliitazama kwanza, akaisukuma kwa mumewe kwa kidole.

"Ndugu yangu!" Mbavu alikuwa akihema, yuko mahali penye watu. "Umesikia? Nimekutaja hewani!"

"Ulikitaja kidole changu."

"Si ni kile kile? Sikiliza. Watu wamechachamaa, simu hazikatiki. Njoo Jumamosi ijayo jukwaani. Uje na nyundo yako, upige kama zamani, pamoja na kosa lako, watu wafurahi. Nitasema wewe ni rafiki yangu. Eh? Mambo yaishe."

Wote walisikia, simu ilikuwa na sauti kubwa. Kinyozi alitikisa kichwa kwa nguvu: nenda. Jukwaa! Umati mzima! Fundi alitazama rafu yenye zile albamu, Kwa nyundo yangu, mwandiko ule ule ukizeeka pamoja naye.

"Mbavu," akasema. "Mama yako alifariki mwaka gani?"

Hakumngoja ajibu.

"Miaka tisa iliyopita, mwezi wa mvua. Wewe ulikuwa ziarani. Mimi nilibeba jeneza upande wa miguu. Ile chai aliyokuwa akituletea mazoezini, aliipika yeye. Mimi sikuleta chai. Mimi nilileta nyundo."

"Ndugu yangu, ile ilikuwa hadithi tu ya kuuzia..."

"Kosa ni langu. Umelirudisha, nimelipokea. Usiliazime tena."

Akakata.

Mkewe ndiye aliyeinuka. Alishusha rafuni kaseti ya kwanza, ile ya na wengineo, akaipuliza vumbi, akaisukuma ndani ya redio yao ya zamani ya kaseti, akabonyeza. Kanda ikakwaruza. Mapigo yakaanza, nao kwa mazoea wakapiga makofi, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, wakanyamaza. Safari hii hakuna aliyepaza sauti. Wote walikuwa wakimngoja yeye alitaje neno lake, naye hakuweza.

Kwa hiyo wakaisikia kaseti peke yake. Walikuwa wamelifunika neno lile kwa sauti zao miaka yote hiyo, wakalivika chungu na jamii na moyo. Sasa, kwa mara ya kwanza, walimsikia kijana fulani ameumia, sauti imempasuka, anaita tusi la baba yake asije akalia mbele ya wenzake.

"Kigae!"

Mkewe alikishika kile kidole gumba, akakifunika kwa kiganja chake. Kisha likafuata pigo la saba, limechelewa.